Kuvunja Muungano: Mawazo ya Mtu wa Mpakani

Swali la kama Tanganyika na Zanzibar zirudi kuwa dola mbili aghalabu huzungumzwa kana kwamba ni mali ya watu wa pwani. Wanaolijadili wako Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Dodoma. Sisi wa Tunduma, tulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, hudhaniwa kwamba hatuna la kusema zaidi ya bei ya mahindi na foleni ya malori. Mimi naona kinyume. Mtu wa mpakani ana mambo mawili ya kuchangia ambayo wa pwani hana. Kwanza, ng'ambo ya barabara yetu ulikuwapo muungano mwingine, nao ulivunjika mchana kweupe tukiwapo. Pili, sisi tunajua mpaka ni nini, maana tunaishi juu yake.

Tena historia yetu na ya Zanzibar imefungwa kwa kamba moja, ingawa wengi hawalijui jambo hilo. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mkataba wa kugawana nchi. Kwa karatasi hiyo hiyo, Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Na kwa karatasi hiyo hiyo ulichorwa mstari kutoka mdomo wa mto Songwe, kwenye Ziwa Nyasa, kupanda magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wengine Wajerumani, wengine Waingereza. Wandali na Walambya wa Ileje wakatenganishwa na ndugu zao kwa mto ambao watu huuvuka kwa miguu wakati wa kiangazi. Hakuna aliyeulizwa, si huku Songwe wala kule Unguja.

Sasa nieleze juu ya muungano ule uliokufa, kwa kuwa vijana wengi hawajausikia.

Mwaka 1953 serikali ya Uingereza iliunganisha nchi tatu, yaani Rhodesia ya Kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, zikawa Shirikisho moja lenye makao makuu Salisbury, mji unaoitwa Harare leo. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri masikioni. Kaskazini kulikuwa na shaba, kusini kulikuwa na viwanda na mashamba makubwa, na Nyasaland kulikuwa na watu wa kufanya kazi. Vikichanganywa, walisema, kila mmoja atanufaika. Na kweli fedha zilipatikana, na bwawa kubwa la Kariba likajengwa katika mto Zambezi na kufunguliwa mwaka 1960. Mtu akisoma hesabu tu, atashangaa kwa nini watu waliukataa muungano wenye faida kiasi hicho.

Lakini muungano hausomwi kwa hesabu tu. Katika Bunge la kwanza la Shirikisho kulikuwa na wabunge 35, na kati yao Waafrika walikuwa sita. Godfrey Huggins, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza, aliueleza ubia wa weusi na weupe kuwa ni kama ule wa farasi na mpanda farasi. Machifu na vyama vya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walikuwa wamepinga tangu kabla ya 1953. Walituma ujumbe na maombi hadi London. Wakasikilizwa kwa adabu, kisha Shirikisho likaundwa vile vile.

Matokeo yake yalifika hadi kwenye mlango wetu. Februari 1959 machafuko yalizuka Karonga na Fort Hill, mji ambao leo ni Chitipa, ng'ambo tu ya Songwe ukitokea Ileje. Machi 3 hali ya hatari ikatangazwa Nyasaland. Dakta Banda na wenzake wakatiwa kizuizini, na Waafrika zaidi ya 50 wakauawa katika ghasia zile. Waingereza wenyewe walipotuma tume ya Jaji Devlin kuchunguza, tume ikasema Nyasaland ilikuwa inatawaliwa kwa mabavu ya polisi. Mwaka uliofuata tume nyingine, ya Monckton, ikapendekeza kwamba nchi wanachama zipewe haki ya kujitoa. Roy Welensky, aliyemrithi Huggins, alikasirika na kusema kwamba haki hiyo ikishatamkwa tu, Shirikisho limekwisha. Naye alisema kweli. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likazikwa. Nyasaland ikawa Malawi Julai 1964, na Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia Oktoba ya mwaka ule ule.

Kwa hiyo anayesema kwamba muungano wowote ni kitu kitakatifu kisichoguswa, namwomba atazame Nakonde. Muungano ule ulistahili kufa. Ulikuwa nyumba ambayo wengi walilala nje ilhali wachache wamelala ndani. Nchi mbili zilitoka zikiwa na haki kabisa ya kutoka, na sisi Watanganyika tulishangilia.

Hata hivyo, ndugu msomaji, shangwe ya kutoka si mwisho wa habari. Mali ilipogawanywa, sehemu kubwa ya jeshi na takriban ndege zote za vita zilikwenda Rhodesia ya Kusini, mikononi mwa walowezi. Mitambo ya umeme ya Kariba ilikuwa imejengwa ukingo wa kusini. Reli ya kupeleka shaba baharini ilipita kusini. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalichimbwa kusini, Wankie. Basi Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta huru juu ya karatasi lakini swichi yake iko katika nyumba ya adui.

Hapo ndipo Tunduma ilipoingia katika historia ya dunia. Mafuta ya Zambia yalipozuiwa kusini, yakaanza kupita kwetu, ndani ya mapipa yaliyopangwa juu ya malori, kwenye barabara ya udongo iliyogeuka tope kila masika. Madereva wa Kizungu waliiita barabara ile kwa jina la Jehanamu, na wengi walipata ajali humo. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika. Kisha wakaja Wachina, na baina ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita hapa hapa. Vyote hivyo tunavyojivunia, bomba, reli na lami, kwa sehemu kubwa ni gharama ya kuvunjika kwa muungano wa watu wengine. Gharama hiyo ililipwa kwa miaka mingi, na walioilipa hawakuwa wale walioketi mezani kugawana ndege.

Nayo Malawi? Ilipata uhuru, lakini hazikupita hata wiki kumi mawaziri wakagombana na Dakta Banda, na kadhaa wao wakakimbilia kwetu Tanzania. Alitawala peke yake hadi wananchi walipomwondoa kwa kura mwaka 1994. Uhuru wa nchi na uhuru wa mtu ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili lenyewe tu.

Hazikupita miezi minne tangu Shirikisho kufa, muungano mwingine ukazaliwa upande wa mashariki. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 22 Aprili Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wakatia saini Hati za Muungano. Bunge la Tanganyika liliziridhia tarehe 25, na tarehe 26 Aprili dola ikawa moja. Ilikuwa kazi ya siku nne. Wakubwa walikuwa na sababu zao. Ilikuwapo hofu ya vita baridi kuingia Visiwani, na ilikuwapo ndoto ya kweli ya umoja wa Afrika. Hata kabla ya hapo, mwaka 1960, Mwalimu alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki ipate uhuru ikiwa shirikisho moja. Lakini wananchi hawakuulizwa, si Bara wala Visiwani.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha historia, na kwa muda somo la Siasa kabla halijawa Uraia. Kila mwaka swali moja lilirudi, hata darasa likiwa jipya: "Mwalimu, Zanzibar ina serikali yake, ya Tanganyika iko wapi?" Jibu lilikuwapo tayari, na ni jibu la Mwalimu Nyerere mwenyewe. Serikali moja ingeimeza Zanzibar kwa udogo wake, na serikali tatu zingekuwa mzigo mzito kwa Tanganyika. Basi zikawa mbili. Jibu hilo lina akili, nami nililitoa bila kusitasita. Lakini niliona macho ya wale wanafunzi. Walielewa, ila hawakutosheka. Mtoto alikuwa haombi sababu tu, alikuwa anauliza ni nani aliyekubali.

Tangu hapo swali limekua. Mambo ya Muungano yalianza 11 katika Hati za 1964, na sasa Katiba inataja 22. Wazanzibari huuliza ni nani aliyeyaongeza. Mwaka 1984 Aboud Jumbe alipoteza urais wa Zanzibar kwa kutaka muundo mwingine. Upande wa Bara, wabunge 55 walidai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na Mwalimu akatoka katika kustaafu kwake kuwapinga, hata kwa kitabu. Tume ya Jaji Nyalali mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kamati ya Jaji Kisanga mwishoni mwa miaka hiyo, na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, zote tatu zilipendekeza serikali tatu. Mara zote tatu pendekezo liliwekwa kando. Tume ya Warioba iliwasikia watu wengi kuliko zote, ikakuta kwamba kati ya waliozungumzia muundo, kiasi cha sita kati ya kumi wa Bara walitaka serikali tatu, na kiasi hicho hicho cha Zanzibar walitaka muungano wa mkataba. Mwaka 2014 Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili, baada ya sehemu ya wajumbe kutoka nje. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haikufanyika tena.

Je, basi Muungano wetu ni sawa na lile Shirikisho? La hasha, na asiyeona tofauti anawakosea haki wote wawili. Sisi hatukuwa na farasi na mpanda farasi. Katika marais sita wa Muungano hadi sasa, wawili wametoka Zanzibar, Mzee Mwinyi na Rais Samia. Ni jambo lisilofikirika kwa Mnyasa wa mwaka 1955. Mpemba ana duka Vwawa na Mlowo, wala haombi kibali cha kuishi. Kijana wa Mbozi hufanya kazi katika hoteli za Nungwi. Zipo ndoa na watoto ambao hawajui wajiite wa upande gani. Miaka sitini na zaidi imefanya kazi ambayo saini haikuifanya.

Lakini katika jambo moja tunafanana, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Shirikisho nalo lilichukulia kuuliza kuwa ni uhaini. Welensky alidhani kwamba mlango ukionyeshwa, watu watatoka. Kwa hiyo akaufunga. Hakujiuliza kwa nini watu wanatamani kutoka. Nasi tumekuwa na mazoea ya kumwita mchochezi kila anayeuliza habari za Muungano. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano baada ya uchaguzi, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nchi yetu, iliyozoea kupokea wakimbizi, kwa mara ya kwanza ikatoa wakimbizi. Muungano hauwezi kuwa na afya iwapo watu wake wanaogopa kuutaja.

Katika hili shahidi wangu ni Mwalimu mwenyewe. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Afrika nzima ilishangaa. Mtu aliyeunganisha nchi mbili anawezaje kuunga mkono wanaojitenga? Hoja yake ilikuwa kwamba umoja hujengwa juu ya ridhaa ya watu, na kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu, hivyo watu wanaouawa ndani yake hawawezi kulazimishwa kwa bunduki waipende. Wakati huo huo alisema hadharani kwamba kama umma wa Zanzibar, kwa hiari yake na bila kuchochewa na wageni, ungeona Muungano unawadhuru, yeye asingewapiga mabomu ili wabaki. Maneno hayo ni ya mwasisi. Anayeona swali la Muungano ni uhaini, anajifanya Mnyerere kuliko Nyerere.

Ridhaa basi ndiyo msingi. Lakini ridhaa ni lazima iwe ya mtu anayejua anachokubali, na hapa ndipo sisi wa mpakani tunapopaswa kusema. Wengi wanaotamani kuvunja Muungano wanafikiria bendera na kiti Umoja wa Mataifa. Mpaka hawaufikirii. Mpaka ni mama wa Nakonde anayeuguliwa na dada yake Tunduma, na kituo kimefungwa kwa usiku. Ni mkulima anayelima mahindi mazuri, kisha tangazo linatoka kwamba nafaka isivuke, na gunia lake linamozea ndani huku ng'ambo wana njaa. Ni kubadili shilingi kuwa kwacha na kwacha kuwa shilingi, na kila mara unapunjwa kidogo. Ni malori yanayopanga foleni kwa kilomita kadhaa, na binti zetu wakiharibikiwa kando ya foleni hizo. Mwaka 2019 serikali mbili zilifungua kituo kimoja cha pamoja cha forodha, nasi tukashukuru sana; yaani tulishukuru kupunguziwa sehemu ndogo ya taabu tuliyopewa mwaka 1890. Je, tunataka kuchora mstari kama huo baina ya Bagamoyo na Unguja, kisha wajukuu watumie miaka 100 kuufuta?

Wapo watakaosema kwamba nchi hutengana kwa amani. Ni kweli, Wacheki na Waslovakia walitengana tarehe 1 Januari 1993 bila risasi, lakini walikuwa wamekwisha kukubaliana namna ya kugawana mali, mbili kwa moja kwa kufuata idadi ya watu. Eritrea nayo ilipiga kura na kujitenga na Ethiopia mwaka ule ule 1993, ila mpaka haukuwekwa wazi, na mwaka 1998 wakaanza kuuana kwa ajili ya Badme. Sudani Kusini ilipiga kura Januari 2011, karibu wote wakachagua kutoka; mafuta yalikuwa kusini na bomba kaskazini, na mwaka mmoja baadaye visima vikafungwa kwa ugomvi wa ushuru. Ni Kariba ile ile, kwa jina jingine. Hata Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambayo haikuwa dola, ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa hadi 1983, na ugawaji wa mali ulimalizika 1984. Wastaafu wake walizunguka na mafaili ya madai yao kwa miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwanza, tukubali kwa maandishi kwamba kila upande una haki ya kuulizwa. Tayari Katiba yetu, katika ibara ya 98, inataka mambo makubwa ya Muungano yasibadilishwe ila kwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Maana yake sheria inatambua kwamba hapa pana ridhaa mbili. Kilichobaki ni kuwapa wananchi wenyewe kile walichopewa wabunge. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar na karibu milioni 60 Bara. Kura zikichanganywa katika sanduku moja, Zanzibar imekwisha kujibiwa kabla haijasema. Kila upande uhesabiwe peke yake.

Pili, kabla ya kuuliza, masharti yaandikwe, nayo yasomwe vijijini kwa lugha ya kueleweka. Yaandikwe Mpemba wa Mlowo atakuwa raia wa wapi, deni la taifa nani atalilipa, mpaka wa bahari na samaki na gesi utapita wapi, na jeshi litakuwa la nani. Wauliziwe wote muundo wanaoutaka, mbili, tatu au mkataba, si kubaki na kutoka tu. Na kura hiyo isifanywe katika mwaka wa uchaguzi, wakati kila mtu anatafuta kiti.

Tatu, na hili ni la kura yangu mwenyewe, mimi nitapiga kura ya kubaki pamoja, katika serikali tatu. Sipigi hivyo kwa sababu waasisi walisema, wala kwa sababu ya hofu ya polisi. Napiga hivyo kwa kuwa nimeuona mpaka kwa miaka zaidi ya sabini na sijaona heri yake, na kwa kuwa yule mtoto wa darasani anastahili kuonyeshwa serikali aliyoiuliza. Wazanzibari wakiamua vingine kwa hiari yao, wakiwa wamejua gharama, nitasikitika, lakini nitawapa mkono. Ndugu aliyebaki kwa kufungiwa mlango hachelewi kuvunja dirisha, na usiku huo sote tutakatwa na vioo.

Walioupinga muungano wa Salisbury walianza kwa barua za adabu. Miaka sita baadaye walikuwa wanazika watu wao. Barua za adabu juu ya Muungano wetu zimekuwa zikiandikwa tangu 1984 na kabla yake, na majaji watatu wametuandikia kwa niaba ya wananchi. Nyumba yetu bado ni imara na watu wake bado wanasalimiana. Huu ndio wakati wa kuzijibu.